Barua Zisizo na Pole

Njiru wa Kithaka alikufa Jumapili. Jumatatu asubuhi Mukami alipofungua ofisi alikuta kikombe cha marehemu bado kiko juu ya kompyuta, mahali alipokuwa amemkataza kukiweka mara elfu moja. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Siku nne hospitalini, basi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hana mke, hana shamba, hana hata baiskeli. Watu wa Meru mjini waliomjua kwa sura walimjua kama yule jamaa mrefu wa ghorofani, juu ya duka la misumari, anayekaa kutwa akibembeleza simu.

Kubembeleza simu ndiyo ilikuwa kazi yake, na ukweli usemwe, hakuna aliyeielewa. Mwaka ulikuwa 1997. Wengi mjini walidhani kompyuta ni taipureta iliyopata majivuno. Ofisi ilikuwa ya shirika dogo la wakulima, na shirika lilikuwa limenunua modemu, kijisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu. Mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa saba mchana, kile kijisanduku kilipiga simu Nairobi, kikalia kama nguruwe aliyekanyagwa mkia, kikapeleka barua zilizoandikwa na kuleta zilizokuwa zikingoja huko. Njiru alisimama karibu nacho akiwa ameshika kiuno, hapumui vizuri mpaka kimalize.

Barua hizo zilikuwa za Kikao. Hilo ndilo jina alilolipa kundi lake la watu sitini na kitu waliotawanyika nchi nzima: maafisa wa mifugo, walimu, wauguzi wa misheni, bwana misitu mstaafu mmoja, na vijana wawili waliokuwa wakisoma ng'ambo. Mwenye swali aliliandika, likawafikia wote, na mwenye kujua akajibu. Mahindi yanageuka zambarau majani, kwa nini? Mtoto kameza mafuta ya taa, nimfanyie nini kabla ya gari kuja? Njiru ndiye aliyepanga, aliyefuatilia, aliyewakumbusha waliosahau kujibu. Wengi wao hakuwahi kuwaona kwa macho.

Kikao kilikuwa na sheria moja ambayo Njiru aliilinda kama sheria ya kanisa: hakuna salamu. Laini ilikuwa ghali, tena mbovu, ikinyesha mvua kidogo tu inakatika katikati ya neno. "Andika habari," alimwambia Mukami wiki yake ya kwanza. "Hujambo, natumaini u mzima, mimi pia ni mzima, hizo tutapeana siku tukikutana." Mukami alikuwa ametoka Kibirichia, kwenye mashamba ya viazi, ambako huwezi kumwomba jirani chumvi kabla hujamuulizia bibi yake, ng'ombe wake na mguu wake mbaya. Aliona ni utovu wa adabu mtupu. Lakini alizoea, na baada ya miaka mitatu alikuwa anakata salamu za watu kwa ustadi kuliko Njiru mwenyewe.

Alimpenda Njiru. Si kwa ile njia waliyoivumisha wenye duka la misumari, la hasha. Alimpenda kama unavyompenda mtu aliyekufundisha kazi bila kukufanya ujione mjinga. Jumatatu ile aliosha kile kikombe, akakifuta, akakosa pa kukiweka, akaketi akalia nacho mkononi.

Saa tatu simu ililia. Alikuwa Ruguru, dada mkubwa wa Njiru, anapiga kutoka posta ya Embu. Mazishi ni Jumamosi, nyumbani Kiritiri. Halafu Ruguru akashusha sauti.

"Mukami wangu, nikwambie ukweli. Tumeandika historia ya marehemu jana. Imefika mwaka wa tisini na tatu ikaisha."

"Imeisha vipi?"

"Alizaliwa, akasoma, akabatizwa, akafundisha shule ya msingi, akaacha kazi. Baba amesema hapo panatosha. Amesema hiyo ingine si kazi, na hataki kuchekwa mbele ya watu."

Mukami alilijua jambo hilo kwa vipande vipande. Mzee Kithaka alikuwa mfugaji wa mbuzi, na alikuwa amejinyima vingi ili mwanawe awe mwalimu. Mwana akawa mwalimu, kazi ya serikali, na baada ya miaka sita akaiacha akaenda kukaa na mashine Meru. Mzee hakumsamehe. Na kwa mwaka mmoja na zaidi walikuwa hawasemezani kabisa. Njiru alipoulizwa sababu alicheka tu na kuhamisha mazungumzo.

"Wafanyakazi wenzake wamepewa dakika tano," Ruguru alisema. "Mfanyakazi mwenzake ni wewe. Baba asimzike mtoto wake akidhani alikuwa mtu wa bure. Tafadhali. Nani mwingine atamwambia?"

Basi mzigo ukamwangukia Mukami. Aliandikia Kikao mistari mitano, bila salamu, kwa sheria ile ile: Njiru amefariki Jumapili, malaria, mazishi Jumamosi Kiritiri, baba yake hajui alichokuwa akifanya, kila mtu aandike alichofanyiwa. Saa saba mchana modemu ikapiga mayowe yake, na habari ikaenda.

Jumatano majibu yalianza kushuka. Alhamisi yalikuwa yamefika arobaini na moja. Printa ilikwaruza saa nzima, ikatema karatasi moja ndefu yenye matundu pembeni, na Mukami akaisoma akiwa amesimama. Alipofika katikati alishtuka. Watu wa Kikao walikuwa wametii. Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyemtaja Mungu, wala pumziko la milele, wala familia iliyoachwa. Walikuwa wameandika kama walivyofunzwa na marehemu: mbuzi wangapi, dawa gani, tarehe gani. Mmoja alikuwa ametuma mistari miwili tu, na wa pili ulihusu dumu la maji.

"Mungu wangu," Mukami alisema peke yake. "Nitasimama na haya mbele ya jeneza?"

Aliliona jambo lote kwa macho ya watu wa kwao. Mazishini mtu akisimama bila kutoa pole, hata mbwa wa boma humtazama vibaya. Mzee Kithaka angesema nini? Si angesema, mmeona sasa, hata rafiki zake wenyewe hawana utu? Kwa hiyo alifanya kosa ambalo mtu wa ofisi ile tu angeweza kulifanya. Alikaa Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi akiziandika upya, moja baada ya nyingine, akirudisha kila alichofunzwa kukata. Kwa huzuni kubwa na masikitiko. Tumepokea kwa mshtuko. Pengo aliloacha halitazibika. Ziliposhiba pole hazikuwa na nafasi ya mambo mengine, akawa anayakata mambo yenyewe: mbuzi wakaondoka, madumu yakaondoka. Alimaliza kumi na moja zilizopendeza kabisa. Akazitia kwenye bahasha safi, na ile karatasi ndefu akaikunja akaisukuma chini ya mkoba, maana hakuwa na roho ya kuitupa.

Jumamosi saa nne alikuwa Kiritiri. Jua la kule chini halina mzaha, na yeye alikuwa amevaa sweta ya baridi ya Meru. Boma la Mzee Kithaka lilikuwa limejaa watu: akina mama wa kanisa kwa vitambaa vyao vyeupe, walimu waliofundisha na Njiru zamani, na wafugaji wengi, wanaume wakimya wenye fimbo, wamekaa upande wa zizi. Zizi lenyewe lilikuwa kubwa kuliko mbuzi waliokuwamo. Mzee alikuwa kwenye kiti cha mbele, mwembamba, koti limemzidi mabega. Mukami alimwendea akampa mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, Baba. Mimi ni Mukami. Nilikuwa nikifanya kazi na Njiru."

"Wewe ndio ule wa mashine," Mzee alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, akamwachia mkono. Hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali.

Historia ya marehemu ilisomwa na ikafika 1993 ikaisha, kama Ruguru alivyosema. Walimu wakazungumza. Kanisa likazungumza. Mwenye kuongoza shughuli alikuwa Njagi, mzee wa kanisa, mtu mwenye saa kubwa mkononi na mapenzi makubwa ya kuitazama. Hatimaye akaita: "Sasa dada yetu kutoka Meru, aliyekuwa akipiga chapa na marehemu. Dakika tano, dada, kaburi linangoja."

Mukami akafungua bahasha. Ruguru alisimama kando yake kutafsiri kwa Kimbeere, lugha ya pale.

Alisoma ya kwanza. Kwa huzuni kubwa na masikitiko. Watu wakaitikia amina. Akasoma ya pili, tumepokea kwa mshtuko, wakaitikia amina nyingine, ya adabu. Kwenye ya tatu mtoto mchanga alianza kulia na mama mmoja akainuka kwenda kuangalia sufuria. Mukami aliinua macho. Mzee Kithaka alikuwa akichora mchangani kwa ncha ya fimbo yake. Wale wafugaji upande wa zizi walikuwa wakitazama mbali, kama watu wanaongoja mvua ipite.

Ndipo alipoona alichokifanya. Barua zile zingeweza kusomwa kwenye maziko ya mtu yeyote. Zingemfaa mwenyekiti wa ushirika, zingemfaa diwani, zingemfaa mtu mwongo. Njiru hakuwamo hata kidogo. Yeye, Mukami, ndiye aliyemtoa kwa mikono yake, mstari kwa mstari, ili watu waonekane wana adabu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Samahani," alisema. "Hizi si zenyewe."

Akaingiza mkono mkobani, akavuta ile karatasi ndefu. Ilitoka mkunjo baada ya mkunjo ikagusa ardhi, na vijana wachache wakacheka. Njagi akatazama saa yake.

"Watu hawa hawatoi pole," Mukami alisema. "Si kwamba hawana. Njiru aliwakataza salamu ili maneno yatoshe kwenye simu. Msiwahukumu. Nasoma vile walivyoandika." Akasoma ya juu kabisa, kutoka kwa afisa wa mifugo mmoja wa Kajiado. "Mbuzi hamsini. Wanne wanakohoa. Nilisoma jibu la swali la Njiru, lile la Machi mwaka jana. Tukatenga wanne, tukadunga wote sindano siku hiyo hiyo. Wamekufa wawili. Arobaini na wanane wapo."

Ruguru akatafsiri. Upande wa zizi kofia moja ikainuka, halafu nyingine.

Mukami akasoma inayofuata, ya muuguzi wa misheni huko Baringo. "Wagonjwa wangu ni watu, si mifugo, lakini nilibandika jibu la swali la Machi mlangoni. Akina mama watatu walinakili. Mmoja alirudi kuniletea maziwa."

"Sindano gani?" mfugaji mmoja akauliza kwa sauti.

"Ndugu zangu, hili si baraza," Njagi akasema, akigonga saa yake. "Dada, malizia."

"Wacha asome!" wakasema wanaume watatu au wanne kwa pamoja, na mmoja wao akasimama kabisa. Njagi alikuwa mtu wa kanisa lakini hakuwa mpumbavu. Akaketi.

Akasoma. Akasoma ya mwalimu wa Kitui, akasoma ile ya dumu la maji, ambayo ilihusu namna ya kumnywesha mbuzi anayekataa kunywa, na watu waliicheka vizuri, kicheko cha wenye kuwajua mbuzi. Nusu ya barua zilitaja swali hilo moja, swali la Machi. Mukami mwenyewe hakulikumbuka vizuri. Machi ile alikuwa nyumbani kwao kwa mavuno ya viazi. Ndipo Mzee Kithaka alipoacha kuchora mchangani.

"Hiyo swali," alisema. "Hiyo swali ya Machi. Alikuwa anauliza nini?"

Mukami alipekua karatasi. Alikumbuka kwamba daktari mmoja wa mifugo wa Naivasha alikuwa amenakili mazungumzo yake yote na marehemu. Akaipata barua hiyo karibu na mwisho.

"Huyu ni daktari aliyemjibu, Baba. Anaandika hivi: Nanakili swali lake la kwanza." Akasoma maneno ya Njiru. "Mbuzi wa baba yangu, Kiritiri. Wanakohoa, wanatoa povu puani, wananyoosha shingo, hawawezi kulala chini. Wengine wamekufa. Nini hii, na itibiwe vipi? Naomba jibu leo. Nataka kumpelekea mwenyewe kesho."

Ruguru alianza kutafsiri, ikabidi aanze tena.

"Endelea," Mzee akasema.

"Daktari anasema: Nilimjibu mchana huo, ni homa ya mapafu ya mbuzi. Nikamuuliza wamekufa wangapi, maana nilitaka kujua ukali wake. Akanijibu: Sijui. Kwetu mzee hahesabu mifugo yake mbele ya watu, na kumuuliza idadi ni kumtakia mabaya. Nitamuuliza siku moja tukielewana. Daktari anamalizia: Sikupata idadi hiyo. Lakini jibu la swali lile limefika wilaya kumi na moja, kwa hesabu yangu."

Hapo Mukami aliishusha karatasi. Hakuna aliyesema amina. Mzee Kithaka alikuwa amesimama, ameegemea fimbo kwa mikono yote miwili. Ruguru alimwendea amshike mkono. Mzee akamkataza kwa kichwa.

"Alikuja," Mzee akasema. Alikuwa akisema na Mukami, lakini boma zima lilisikia. "Hiyo kesho yake alikuja. Alikuwa na karatasi, na chupa ya dawa, na sindano. Mimi nikamwambia mbuzi zangu hazitibiwi na mashine. Nikamwambia, kama ulitaka kunisaidia ungebaki mwalimu. Akaniwekea hiyo karatasi juu ya kiti. Nikawashia moto na hiyo karatasi, yeye akiona."

Mama mmoja wa kanisa akafunika mdomo. Mzee hakumwangalia.

"Na hizo mbuzi hazikuwa zimekufa zote. Zilikuwa mzima nyingi. Zilikufa nyuma ya hapo, moja moja, mwezi mzima. Mimi nikiangalia. Kumbe dawa ilikuwa ya kweli, na mimi nilijua ni ya kweli, kwa sababu mtoto yangu hakuwahi kuniletea kitu ya uongo. Nilikuwa na hasira tu. Halafu nikaona haya kumwita." Alifuta uso kwa mkono wa koti. "Watu wa Kajiado wamebaki na mbuzi zao. Kwa sababu ya zangu."

"Ndiyo, Baba," Mukami alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyajali. "Kwa sababu ya zako. Aliuliza kwa ajili yako."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima uzito. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea ile karatasi.

"Uko na kalamu?"

"Niko nayo."

"Mwandikie huyo daktari."

Mukami alipiga goti mchangani, akaweka karatasi juu ya mkoba, akangoja. Wafugaji upande wa zizi walikuwa wamesimama wote sasa. Walielewa kabla yake mzee alitaka kufanya nini, na mmoja wao, wa rika la Mzee, alijaribu kumzuia kwa upole: "Kithaka, si lazima."

"Zilikufa thelathini na moja," Mzee akasema.

Hakuna mtu katika boma lile, hata wanawe, aliyewahi kumsikia akitamka idadi. Mukami akaiandika pembeni, karibu na yale matundu. Alipoinua kichwa Mzee alikuwa amekwisha kumpa kisogo. Alikuwa ametembea hadi kwenye jeneza, ameinama mpaka paji la uso limekaribia ubao, na alikuwa akiirudia idadi hiyo kwa Kimbeere, kwa sauti ndogo, akimwambia mwanawe.